Mkubwa Akiamka Mgonjwa, Nani Ashike Diski?

Ninyi mnaonitumia sauti kwenye simu huku mnatafuna mahindi ya kuchoma, halafu mnanuna kwamba sijasikiliza tangu asubuhi, hebu kaeni kidogo. Hapa Butembo, wakati wa vita vya pili vya Kongo, sauti ya mtu aliyekuwa ng'ambo ya mstari wa mapigano ilikuja kwa miadi. Ulivaa shati la ibada, ukapanda ngazi za nyumba ya mawasiliano iliyokuwa juu ya duka la vitenge, ukaingia kabini, ukavaa visikizi. Ujumbe uliorekodiwa Kinshasa au Lubumbashi ulikuwa umeshapita kwa setilaiti na kulala kwenye diski yetu, ukikungoja. Wengi waliujibu kwa sauti kubwa, kana kwamba aliyerekodi amejificha nyuma ya ukuta. Nyuma ya ukuta nilikuwa mimi. Nimeombwa msamaha na watu ambao hawajawahi kunikosea, na nimeahidiwa ng'ombe ambaye hadi leo sijamwona.

Kazi yangu ilikuwa kutunza seva mbili na sanduku moja la diski. Nimeshaiacha. Sijazeeka sana, ila kazi yenyewe ndiyo iliyotangulia kuniacha, nikabaki na mgongo mbovu na maoni mengi. Nilitoka chuo kikuu na shahada ya hisabati tupu, ile isiyogusa kitu chochote duniani, na siku ya kwanza nilihangaika asubuhi nzima kutafuta kitufe cha kuwashia mashine ambayo ilikuwa inawaka.

Mtauliza nyumba ndogo kama ile ilihitaji seva mbili za nini. Haikuzihitaji. Mwenye nyumba alikwenda Dubai kununua vitenge na matairi, akakuta ofisi moja inafunga milango na kuuza vyombo. Seva mbili zilikuwa zimefungwa kwa kebo nene kwenye sanduku moja la diski, na muuzaji alikataa kuzitenganisha. Mwenye nyumba akaona hilo ni jambo la kawaida. Nani ananunua kiatu kimoja? Kasindi, mpakani, watu wa forodha waliuliza ni kitu gani, akajibu ni friji. Kilima cha mwisho, kwa sababu ya tope, sanduku la diski lilipanda juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, limefunikwa turubai, vijana wakisukuma huku wakiliimbia kama bibi harusi.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Nzanzu, fundi mkuu, mtu aliyetumia ujana wake kwenye redio za phonie za misheni, akipokea habari za lori zilizokwama Kirumba na za wagonjwa wa Masereka. Nilipoanza kumwelezea kwa maneno ya vitabu jinsi seva mbili zinavyotumia diski moja, aliniacha nimalize, halafu akasema, "Ni phonie tu. Moja anasema, mwingine anasikiliza. Bote wakisema pamoja, hakuna mutu anasikia kitu."

Alikuwa sawa, na tangu siku hiyo sijapata maelezo bora. Diski ya pamoja inashikwa na mashine moja tu kwa wakati mmoja. Nyingine inangoja, na kila baada ya muda mfupi inapokea mpigo mdogo kutoka kwa mwenzake: niko, niko, niko. Mpigo ukinyamaza, inajua mwenzake ameanguka, inachukua diski na kuendelea na kazi. Zikiandika zote mbili kwa pamoja, kilichomo kwenye diski kinakuwa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Ndiyo maana mnawasha sanduku la diski kwanza, halafu mashine moja, mnangoja ishike, halafu ya pili. Kuzima ni kinyumenyume. Andikeni mlangoni, si kichwani.

Papa Nzanzu ndiye aliyezipa mashine majina. Ya juu aliiita Paluku, ya chini Kambale. Kwetu Banande jina linataja zamu ya kuzaliwa: Paluku ni mtoto wa kwanza wa kiume, Kambale anamfuata. Nzanzu nalo ni jina la mzaliwa wa kwanza, kwa hiyo mnaweza kukisia ni nani aliyependelewa. Tulipofika kwenye mpangilio unaouliza diski irudi lini kwa mwenye nayo, kitabu kilishauri fundi atafakari kwanza. Papa Nzanzu hakuona cha kutafakari. Diski ni ya Paluku. Asipokuwepo, Kambale aishike. Paluku akirudi, apewe papo hapo.

"Mukubwa anarudia kwake," aliniambia, "unamuambia angoje inje?"

Nikaandika hivyo. Mimi ni mtoto wa tatu. Katika mambo hayo sikuwahi kuulizwa.

Shida ni kwamba Paluku alikuwa mgonjwa. Kile kifaa cha ndani kinachompa umeme kilikuwa kimechoka tangu Dubai. Jenereta yetu ilikunywa mazutu yaliyochanganywa na vitu ambavyo wauzaji peke yao wanavijua, na kila ilipokohoa, Kambale alivumilia, Paluku akazirai. Kambale alichukua diski. Muda mfupi baadaye Paluku alizinduka, akasema niko, na kwa heshima tuliyompangia akarudishiwa diski palepale, katikati ya neno la mteja. Jenereta ikakohoa tena. Mteja kabini alisikia mama yake akianza kumtaja aliyefariki, halafu kimya.

Kitu kizuri kimoja kilitoka katika ugonjwa huo. Siku moja alipanda ofisa wa jeshi, mtu wa mbali, mwenye Lingala na miwani. Aliziangalia mashine, akazihesabu kwa kidole, akaona sisi ni wachoyo. "Vieux, pesa nga moko," akasema. Mzee, nipe moja. Papa Nzanzu akamweleza kwa upole kwamba ni mapacha wenye tumbo moja, ukichukua mmoja umebeba maiti. Ofisa akasema basi atabeba wote. Wakati huohuo jenereta ikakohoa, Paluku akazirai huku akipiga king'ora chake, taa nyekundu zikatambaa juu ya sanduku, na ofisa akarudi nyuma hatua ambazo hakuzipanga. Aliuliza ugonjwa wake unaambukiza? Papa Nzanzu, mzee wa kanisa asiyesema uongo, akatazama chini na kusema ule wa chini bado haujaonyesha dalili. Hatukumwona tena.

Sasa nifike kwa Mwalimu Ilunga.

Alikuwa kijana wa Katanga aliyetumwa kufundisha Beni kabla ya vita, na vita vilipogawa nchi akabaki upande wetu kama kikombe kilichosahaulika kwa jirani. Akasema Kiswahili chake cha "miye" na "weye", akafundisha jiografia ya nchi ambayo hakuweza kuivuka, akampenda Kavira, binti wa Papa Mbusa, mkulima wa kahawa na shemasi. Papa Mbusa hakuwa na ubaya naye. Mbuzi walikubaliwa, mchungaji alikubali. Lilibaki jambo moja tu: baba wa kijana hajasema. Lubumbashi ilikuwa upande mwingine wa vita, hakuna njia ya mzee kuja.

"Mutu hapana kujizaa mwenyewe," Papa Mbusa alimwambia. "Tusikie ule aliyekuzaa."

Ilunga akatafuta, akatuma habari, na mwishowe baba yake akaingia katika nyumba ya wenzetu kule Lubumbashi, akarekodi, akarudi kijijini kwake ambako hapakuwa na simu wala dalili ya simu. Ujumbe ukafika kwenye diski yetu. Ilunga hakutaka kuusikiliza peke yake. Alijua Papa Mbusa angesema ameupika. Wangeusikia wote pamoja, kwa mara ya kwanza.

Basi wakaja kutoka Beni, siku ambayo barabara ilisemekana ni nzuri: Papa Mbusa katika koti la Pasaka, mkewe Mama Masika, Kavira, wajomba kadhaa, na Ilunga nyuma yao akiwa na chaki mfukoni, maana alitoka darasani moja kwa moja. Dereva aliwaambia waondoke kabla ya jua kuvuka katikati. Baada ya hapo barabara haikuwa ya mtu. Na lini ingekuwa nzuri tena, hakuna aliyethubutu kusema. Papa Mbusa alikuwa ameshatamka: wakirudi bila neno la baba, binti haolewi mwaka huu, na mwaka ujao unajulikana na Mungu peke yake.

Kabini haikuwatosha. Nikatoa kipaza sauti sebuleni, wakaketi kwenye benchi, nikauanzisha ujumbe.

"Miye baba ya Ilunga," ilisema sauti, nzito, isiyo na haraka. "Nasalimia bazazi ya ule binti. Nimesikia mutoto wangu anataka kuoa kwenu, kule kwa baridi. Ni muzuri. Sifa yenu imetufikia. Mais..."

Mais ya Kifaransa, yaani lakini, na nje jenereta ilikohoa. Kimya.

Nimesikia vimya vingi katika maisha yangu, pamoja na kile cha jopo lililosikiliza tasnifu yangu. Hicho kilivizidi vyote. Nikakimbia nyuma ya ukuta, nikaanzisha upya. Safari hii sauti ilifika kwenye baridi tu, Paluku akazinduka na kudai chake, ikakatika.

Mjomba mmoja akakohoa. "Mais ya baba," akasema, "hainaka kuwa ndogo."

"Labda iko na bibi kule Lubumbashi," akasema mwingine, kwa sauti ya mtu anayesaidia.

Kavira akamgeukia mchumba wake. "Uko na bibi kule?"

"Hapana."

"Batoto?"

"Hapana, Kavira. Miye niko na deni ya vitabu tu."

"Basi hiyo mais ya baba yako inatafuta nini?"

Ilunga hakujua, na hilo ndilo lililokuwa linamtoa jasho katika baridi ya Butembo. Aliniangalia kama mgonjwa anavyomwangalia daktari. Nilikuwa na mashaka yangu mwenyewe: kila kunyang'anyana kuliacha mkwaruzo fulani, na tulikuwa tumeshapata jumbe ambazo baada ya Paluku kuzirai mara nyingi hazikufunguka kamwe. Nikajaribu kuunakili ujumbe kwenye diski ndogo ya ndani ya Kambale. Haukufika nusu. Na msiniulize kwa nini sikumzima Paluku tu. Yeye ndiye aliyekuwa mwisho wa kebo ya diski, na kebo ya aina ile huvumilia kuzirai kwa muda mfupi, lakini mwisho wake ukikaa bila mashine inayowaka, diski inapoteza fahamu. Tulimhitaji awe macho. Tulichohitaji ni asiguse.

Nikamwomba Papa Nzanzu ruhusa ya kubadilisha mpangilio: diski ikae kwa Kambale hata mkubwa akiamka.

Alikataa. Alisema hilo ni kumvunjia mkubwa heshima mbele ya wageni. Nikachora ubaoni duara mbili na mshale, nikataja nadharia. Alinisikiliza kwa adabu ileile tunayompa mhubiri ambaye ibada yake imepita saa ya chakula. Saa yenyewe ilikuwa inakwenda. Dereva alishapiga honi ya kwanza.

Mama Masika ndiye aliyeingia nyuma ya ukuta. Alitaka, alisema, kumwona mtu anayekata maneno ya watu wazima. Nikamwonyesha Paluku. Akamtazama zile taa nyekundu.

"Iko mugonjwa?"

"Ni mgonjwa, Mama."

"Ni mukubwa?"

"Ndiye mkubwa," akasema Papa Nzanzu.

"Na munamuamusha kwa kazi kila mara anaanguka?" Mama Masika akamtazama fundi mkuu, mzee wa kanisa mwenzake. "Papa, kwako mukubwa akiwa na homa, munamutandikia ao munamupa jembe?"

Nje ikalia honi ya pili, Papa Nzanzu akamtazama Paluku. "Bon," akasema. "Badilisha. Mais kwa leo tu. Bageni wakienda, unarudisha vile ilikuwa."

Hapa vijana chukueni kalamu.

Kulikuwa na dirisha zuri la picha na vitufe la kufanyia kazi hiyo kwa kipanya. Sikuligusa. Dirisha hilo lilitaka kujua habari za mashine zote mbili kabla ya kukujibu, na diski ikihama katikati, linaganda na wewe unaganda nalo. Nilifungua skrini nyeusi, pale kwa Kambale, nikaandika amri kwa mkono. Mstari wa amri unauliza jambo dogo na kupata jibu dogo, na siku mbaya jibu dogo ndilo linalotosha. Klavie yetu, yaani kibodi, ilikuwa ya Kifaransa na skrini nyeusi iliamini ni ya Kiingereza, kwa hiyo vidole vyangu viliandika kitu kimoja na macho yakasoma kingine. Nilikuwa nimeshazoea, kama mtu aliyeoa nyumba yenye lugha mbili.

Kwanza uliza, usiamuru. Niliandika amri ya kuonyesha mipangilio jinsi ilivyo. Ikajibu: kurudi kwa mwenyewe, ndiyo, lini, mara moja. Pili, andika ulichokikuta kabla ya kukigusa. Sikuwa na karatasi. Ilunga, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya hasimami, akanipa chaki, nikaandika thamani za zamani ukutani. Tatu, hakikisha unabadilisha kundi linalobeba diski, yaani ule mfuko wa kazi ambao mashine hupokezana, wala usiiguse diski yenyewe. Niliwahi kuchanganya hayo mawili, na mashine zote mbili zikaikana diski kama Petro, mpaka jogoo akawika kweli. Nne, badilisha kitu kimoja. Nikaandika jina la kundi, jina la mpangilio, sifuri. Tano, uliza tena. Ikajibu: kurudi, hapana. Mashine ikikwambia sawa, usiiamini mpaka irudie ulichosema.

Kwa amri moja zaidi nikaihamishia diski kwa Kambale, nikauanzisha ujumbe mara ya tatu, nikabaki nyuma ya ukuta nikimtazama Paluku.

Baba wa Ilunga akasalimia. Akafika kwenye baridi. Jenereta ikakohoa, Paluku akazirai, king'ora kikalia, na sauti ikaendelea, sifa yenu imetufikia. Paluku akazinduka. Taa yake ikawaka kijani. Niko, akasema. Kambale akaendelea kushika.

"Mais," ilisema sauti, na sebuleni benchi zima likainama mbele, "kuko neno moja. Ilunga ni wa pili. Mukubwa wake, Kalala, bado kuoa, na kwetu mudogo hapitake mukubwa. Donc miye nilikataa. Njo Kalala mwenyewe akanifuata. Kifua chake haijapona tangu kazi ya mugodi, munajua. Yeye huyu hapa. Aseme."

Kikasikika kiti kikisogezwa Lubumbashi, na kikohozi, kisha sauti nyingine, nyembamba kidogo, yenye kicheko ndani yake.

"Mudogo yangu, pita. Usinisimamie kwa mulango, utaziba njia. Miye nikipona nitakuja kula mbuzi yenu. Na ule shemeji yangu, munisalimie yeye. Mumuambie Ilunga anakoroma."

Baba akarudi, akasema, "Miye nimekubali. Mungu abariki," na ujumbe ukaisha wenyewe, kama ujumbe unavyopaswa kuisha.

Ilunga alikuwa ameufunika uso kwa kiganja chenye chaki, na alipokitoa alikuwa na paji jeupe. Kavira alicheka kwanza. Papa Mbusa akainuka, akavuta koti lake chini, akampa mkono.

"Basi," akasema, "umezaliwa."

Mama Masika alipita nyuma ya ukuta kuaga, akamwambia Papa Nzanzu "wasingya", asante ya kwetu, na honi ya tatu ikawateremsha wote ngazi kwa mbio. Walifika Beni salama. Arusi ilifanyika, na mvua ikanyesha, kama inavyonyesha kwa kila mtu huku kwetu.

Wageni walipoondoka, nilikaa mbele ya skrini nyeusi kutimiza ahadi. Nikasoma ukutani, nikaandika jina la kundi, jina la mpangilio, nikainua kidole. Papa Nzanzu alikuwa amesimama mbele ya Paluku, mikono nyuma, mzaliwa wa kwanza mbele ya mzaliwa wa kwanza.

"Acha vile," akasema.

Nikashusha kidole. Nilikuwa nimeanza kufuta chaki aliposema tena, kwa sauti ndogo.

"Mais alfajiri, wakati hakuna mutu anasema, umurudishie. Asifikirie tulimusahau."

Kitabu kilikuwa na mpangilio huo, sikuwa nimewahi kuona faida yake: unaweza kutaja kati ya saa ngapi na saa ngapi diski iruhusiwe kurudi kwa mwenyewe. Nikauandika. Kuanzia hapo, kila alfajiri, nyumba ikiwa tupu, Paluku alishika diski kwa utulivu. Jenereta ikikohoa mchana, mdogo wake aliipokea na kukaa nayo hadi alfajiri nyingine, na wateja hawakukatwa neno zaidi ya mara moja kwa siku.

Barabara za nchi zilipofunguka, Kalala alikuja kula mbuzi wake. Alipanda ngazi zetu polepole, akapumzika katikati, akaomba aione mashine iliyobeba sauti yake. Kabla sijamwonyesha, akaweka kiganja juu ya Paluku, akauliza mbona hii imenyamaza.

Nikamwambia huyo ndiye mkubwa, anapumzika, kazi inafanywa na mdogo wake pale chini.

Kalala akacheka, akampigapiga Paluku mgongoni, akavuta kiti akakaa karibu naye.

"Tuko babili," akasema. "Muniletee chai."